Mkono Unaochelewa: Michezo ya Kompyuta katika Utengamao wa Wenye Sindromu ya Rett

Mtu akiambiwa kwamba msichana asiyeweza kushika kijiko, asiyeweza kutaja jina lake, na ambaye viganja vyake havikomi kusuguana tangu anapoamka hadi anapolala, ameketishwa mbele ya mchezo wa kompyuta na kwamba hayo ndiyo matibabu yake ya leo, ana haki ya kushtuka. Michezo hiyo tumezoea kuiona kama mwizi wa muda wa masomo, na wazazi wengi wanapambana nayo kila jioni. Hoja nitakayoitetea hapa ni nyembamba kuliko matangazo ya wauza vifaa, na ni pana kidogo kuliko wanavyokubali wenye shaka. Nasema kompyuta ina tabia mbili ambazo binadamu hawezi kuzishika kwa saa nzima, awe mama mzazi au mtaalamu aliyesomea: inasubiri bila kukereka, na inajibu papo hapo. Kwa mtu mwenye sindromu ya Rett, tabia hizo mbili ndizo zinazoamua kama mkono utafanya mazoezi au utabaki ulipo. Mengine yote, yaani rangi, muziki na alama zinazopanda, ni mapambo.

Sindromu hii ina jina la Andreas Rett, daktari wa watoto wa Vienna, ambaye mwaka 1954 aliwaona wasichana wawili wamepakatwa na mama zao katika chumba cha kusubiria, kila mmoja akisokota mikono kwa namna ileile ya mwenzake. Aliandika habari zao mwaka 1966 kwa Kijerumani, na waliosoma walikuwa wachache. Ilipofika mwaka 1983, Bengt Hagberg wa Sweden pamoja na wenzake wa Ufaransa na Ureno walieleza kwa Kiingereza habari za wagonjwa 35, ndipo madaktari wa kwingineko wakaanza kuwatambua wasichana waliokuwa wamepewa majina mengine. Mwaka 1999 maabara ya Huda Zoghbi huko Houston, Marekani, ilionyesha kwamba chanzo ni hitilafu katika jeni iitwayo MECP2, iliyoko kwenye kromosomu X. Hali hii humpata takribani msichana 1 kati ya 10,000 wanaozaliwa. Wavulana ni nadra sana. Karibu kila mara hitilafu hiyo ni mpya kwa mtoto, haikurithiwa, na inapofuatiliwa mara nyingi huonekana imeanzia kwenye mbegu ya baba. Nalitaja hilo kwa kusudi, maana mtoto wa namna hii anapotokea, macho ya ukoo humgeukia mama kwanza, na maneno ya kurogwa au ya kuvunja mwiko hayakawii kufuata.

Mtoto huanza kama wenzake. Anakaa, anacheka, anashika kikombe, pengine anatamka maneno ya mwanzo. Kisha, kati ya miezi 6 na 18 hivi, maendeleo yanasimama, na baadaye anaanza kupoteza alichokuwa nacho. Vigezo vya utambuzi vilivyopitiwa upya mwaka 2010 vinataja mambo manne makuu: kupotea kwa matumizi ya mikono yenye kusudi, kupotea kwa maneno, mwendo usio sawa, na mijongeo ya mikono inayojirudia, kama kusokota, kupiga makofi au kutia vidole mdomoni. Juu ya hayo huja kifafa, pumzi zisizo na utaratibu na kupinda kwa uti wa mgongo. Baada ya kipindi cha kupoteza huja kipindi kirefu cha utulivu, ambacho kinaweza kudumu miaka mingi, na wengi hufikia utu uzima. Kipindi hicho kirefu ndicho ninachokizungumzia. Mtu akiishi miaka 40 na hali fulani, hatuwezi kusema kwamba kilichopotea akiwa na miaka miwili kimefunga hesabu.

Sasa tuulize kwa makini: ni nini hasa kilichopotea? Si nguvu ya misuli peke yake. Msichana huyohuyo ambaye hawezi kupeleka mkono kwenye kikombe anaposema mama, "Chukua," anaweza dakika chache baadaye kuupeleka kwenye kipande cha keki bila kuombwa na mtu. Wataalamu huiita hali hiyo apraksia: nia ipo, misuli ipo, lakini njia ya kutoka kwenye nia hadi kwenye tendo ina matope, na kila safari inachukua muda. Tena muda wenyewe haulingani leo na kesho. Wakati mwingine mwili hujibu mara moja, wakati mwingine baada ya nusu dakika au zaidi, na wakati mwingine kadiri anavyoshinikizwa ndivyo anavyozidi kukwama huku mikono ikisokotana kwa kasi. Wazazi wamelijua hili kabla ya vitabu. Macho, hata hivyo, mara nyingi yamebaki hodari. Tafiti zilizotumia vifaa vya kufuata mtazamo wa macho zimeonyesha kwamba wasichana hawa huchagua cha kutazama, hupendelea nyuso za watu, na wengi huweza kuonyesha kwa macho kitu wanachokitaka. Kwa hiyo tunaye mtu anayeona, anayetaka, na ambaye mkono wake unachelewa.

Jambo la pili la kuzingatia ni kwamba seli za ubongo wake hazijafa. Mwaka 2007 Jacky Guy, Adrian Bird na wenzao wa Edinburgh walitengeneza panya waliozimwa jeni ya Mecp2, wakawaacha wakaugua, kisha wakaiwasha jeni hiyo. Panya waliokuwa wakitetemeka na kuburura miguu walipata nafuu kubwa, hata baadhi ya waliokuwa wamekaribia kufa. Nafuu hiyo ilitoka kwenye jeni, wala haikutokana na mazoezi, na panya si msichana. Lakini majaribio hayo yalibadilisha swali. Kabla yake mtu aliweza kusema kwamba kumfundisha mwenye Rett ni kupanda mbegu juu ya mwamba. Baada yake alilazimika kukiri kwamba ardhi ipo, ila haifanyi kazi ipasavyo, na kwamba inafaa kuuliza ni mafunzo ya aina gani yanaweza kupita katika ubongo wa namna hiyo.

Elimu ya utengamao ina jibu ambalo limekomaa zaidi kwa wagonjwa wa kiharusi kuliko kwa wenye Rett, nami nitaliazima kwa tahadhari. Kiungo hujifunza kwa kurudia tendo lenyewe, mara nyingi, kwa kusudi, huku mtendaji akiona matokeo. Maabara zinazowafunza wanyama huwafanyisha mamia ya marudio kwa siku. Kwa binadamu, Catherine Lang na wenzake walikaa katika vyumba vya tiba huko Marekani na Kanada wakahesabu, na taarifa yao ya mwaka 2009 ikaonyesha kwamba pale mkono ulipofanyishwa matendo ya maana, wastani ulikuwa marudio 32 tu kwa kipindi. Hayo ni kwa watu wanaoelewa maelekezo na kuyafuata. Kwa msichana mwenye Rett, anayehitaji kusubiriwa kila mara, kipindi cha nusu saa kinaweza kwisha akiwa amefanya marudio ya kuhesabika kwa vidole. Mtaalamu hana kosa hapo. Ana wagonjwa wengine nje ya mlango, na hata angekuwa na siku nzima, ni vigumu kwa mtu kukaa kimya akitazama mkono usiotikisika bila hatimaye kuushika na kuupeleka mwenyewe. Na mkono uliopelekwa na mtu mwingine haujafanya zoezi tunalolitafuta.

Hapo ndipo mchezo wa kompyuta unapopata nafasi yake, na nafasi hiyo ina mipaka. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2017 yalikusanya majaribio 72 yenye washiriki 2,470 waliopata kiharusi na kufanyishwa mazoezi kwa michezo na mandhari ya kompyuta. Michezo ilipowekwa mahali pa tiba ya kawaida kwa muda uleule, mkono haukupata faida ya ziada. Ilipoongezwa juu ya tiba ya kawaida, faida ilionekana. Maana yake naisoma hivi: skrini haina uchawi, inachotoa ni wingi wa mazoezi. Anayeuza mchezo wa kompyuta kwa kusema kwamba ni bora kuliko mtaalamu wa fiziotherapia anapingana na ushahidi bora tulionao. Anayeukataa kwa sababu si bora kuliko mtaalamu anajibu swali ambalo halikuulizwa.

Kwa wenye Rett wenyewe, mfano unaonivutia ni kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington huko St. Louis, walioandika mwaka 2016 juu ya kutumia kamera ya Kinect kufundisha mikono ya wasichana hawa. Kinect ilitolewa na Microsoft mwaka 2010 kwa ajili ya burudani. Hurusha miale isiyoonekana kwa macho, hupima umbali wa kila sehemu ya mwili, kisha huchora kiunzi cha viungo na kukifuata mara 30 kwa sekunde. Mchezaji hashiki kitu chochote mkononi. Kwa mtu asiyeweza kushika, hilo peke yake ni mlango uliofunguka. Baadaye ilipatikana programu ya bure kutoka Chuo Kikuu cha Southern California, iitwayo FAAST, ambayo hugeuza mjongeo wa mwili kuwa mbonyezo wa kibodi, na kwa hiyo mchezo wowote wa kawaida wa kompyuta unaweza kuendeshwa kwa bega au kiwiko. Mtaalamu ndiye anayeweka kizingiti. Akitaka, kiwiko kikitoka mbavuni kwa pembe ndogo tu, samaki kwenye skrini anaruka. Wiki mbili baadaye anaongeza pembe kidogo.

Mambo haya ya ufundi nayaeleza kwa urefu kwa sababu hapo ndipo kazi inapofaulu au kuharibika, na mijadala mingi huyaruka. Mchezo wa dukani umetengenezwa kwa ajili ya mtu mwepesi. Puto linapita, usipolipiga ndani ya sekunde mbili umeshindwa, na mashine inakutangazia. Kwa msichana ambaye mkono wake unafika baada ya sekunde 20, mchezo huo ni darasa la kushindwa: anatenda, na anapotenda jambo limekwisha kupita, hivyo ubongo hauoni uhusiano wowote kati ya tendo na matokeo. Dawa yake si kupunguza mwendo wa kila kitu. Mchezo unaotambaa kabla ya tendo na kutambaa baada ya tendo nao haufundishi, kwa sababu matokeo yanayokuja yakiwa yamechelewa hayajulikani yametokana na nini. Kinachotakiwa ni saa isiyo na ulinganifu: kabla ya tendo mchezo usubiri bila kikomo, bila sauti ya kukaripia, bila mshale unaopungua, na tendo likitokea jibu lije kabla mkono haujarudi mapajani. Mvumilivu mbele, mwepesi nyuma. Ni sharti rahisi kulitamka, na bado sehemu kubwa ya michezo inayouzwa kwa jina la tiba hailitimizi, kwa kuwa wabunifu wake wamerithi saa ya michezo ya burudani bila kuichunguza.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi, maana hauonekani kwa haraka. Mikono ya mwenye Rett haijatulia. Inatembea siku nzima, hasa katikati ya kifua. Ukiweka mchezo unaojibu mjongeo wowote wa mkono, utapata alama nyingi sana siku ya kwanza, mama atafurahi, picha zitapigwa, na utakuwa umemlipa mtoto kwa kusokota mikono. Mchezo lazima ujifunze kutofautisha. Njia iliyo nyoofu ni kuomba kinyume cha msokoto: jibu litoke pale mikono inapoachana, pale mmoja unapovuka mstari wa bega, pale kiganja kinapofika kwenye eneo fulani na kukaa hapo kwa muda mfupi. Kamera hizi nazo zina udhaifu mahali palepale, kwa sababu viganja vikiwa vimeshikana huvihesabu kama kitu kimoja, na msaidizi akisimama karibu au kiti cha magurudumu kikiwa na mgongo mrefu, kiunzi kinachochorwa huchanganyikiwa. Mtaalamu asiyejua haya atamlaumu mtoto kwa kosa la kamera.

Kamera si njia pekee. Huko Bari, Italia, Fabrizio Stasolla na Alessandro Caffò waliandika mwaka 2013 juu ya wasichana wawili waliopewa swichi zinazowashwa kwa mguso mdogo, kila mguso ukileta kitu wanachokipenda. Matendo yenye kusudi yaliongezeka, mijongeo ya kujirudia ikapungua, na dalili za furaha zikaonekana mara nyingi zaidi. Swichi haina hadhi ya kamera inayosoma mwili mzima, lakini kanuni ni ileile, na kwa mtoto aliye mwanzoni kabisa, ambaye hajagundua tena kwamba mkono wake unaweza kubadilisha jambo duniani, swichi moja na wimbo anaoupenda vinaweza kuwa mchezo bora kuliko bahari yote ya samaki wanaoruka.

Pingamizi la kwanza tayari mmelisikia katika maneno yangu: wasichana wawili, watu wachache wa St. Louis. Je, huo ni ushahidi? Ni ushahidi dhaifu, na anayeutangaza kama hakika anawadhulumu wazazi. Lakini si bure. Katika ugonjwa adimu, watafiti hutumia mpangilio ambamo kila mshiriki hupimwa mara nyingi kabla ya mafunzo, wakati wa mafunzo na baada yake, na wakati mwingine mafunzo huanza kwa wiki tofauti kwa watu tofauti. Badiliko likitokea kwa kila mmoja pale tu mafunzo yanapoanza, bahati nasibu inakuwa maelezo magumu kuamini. Isitoshe, tafiti za mazoezi mengine, yasiyo ya kompyuta, zinaelekea upande huohuo. Meir Lotan na wenzake wa Israel waliwatembeza wasichana wanne kwenye mashine ya kutembelea kwa miezi miwili, na taarifa yao ya mwaka 2004 ikaeleza kwamba stamina ya mwili na uwezo wa kutenda viliongezeka. Mwaka 2018 timu ya Jenny Downs, wa Perth, Australia, ilichapisha jaribio la wasichana 12 walio chini ya umri wa miaka 6, waliopewa kwa miezi sita mazoezi ya viungo yaliyochanganywa na michezo, watu na vichocheo vya hisia. Uwezo wao wa kukaa, kusimama na kutembea ulipanda kwa takribani alama 8 katika mizani ya alama 45. Hakuna hata moja kati ya hizi inayothibitisha mchezo wa kompyuta. Zinachothibitisha ni kwamba mwili wenye Rett hufunzika, na hapo ndipo penye mzizi wa ubishi wote.

Pingamizi la pili ni zito kuliko hilo, na limetoka maabara ileile ya Houston iliyoitambua jeni. Mwaka 2021 Nathan Achilly, Zoghbi na wenzao walionyesha katika jarida la Nature kwamba panya majike wenye hitilafu ya Mecp2 wakifunzwa kwa bidii kabla dalili hazijaanza, wanatenda vizuri zaidi na dalili zinachelewa. Mafunzo yakianza baada ya dalili, faida hiyo haikuonekana. Anayesoma matokeo hayo kwa unyoofu atauliza: basi mnawafunza nini wasichana wa miaka 10? Sina jibu la kulifuta swali hilo. Ninalo jibu la kulipunguza. Kazi ya panya ilikuwa kukaa juu ya mti unaozunguka na kukumbuka mahali palipo jukwaa ndani ya maji, na kipimo kilikuwa kufikia au kukaribia panya wazima. Kwa msichana hatutafuti hicho; tunatafuta sentimita chache za mkono kuelekea kwenye kikombe. Wasichana wa Lotan walikuwa na dalili tayari walipoanza kutembezwa, na wale wa Downs pia. Hata hivyo, jaribio la Houston linatuachia deni: kama mafunzo ya mapema yana nguvu kubwa zaidi, basi kila mwezi unaopotea kabla ya utambuzi unaondoka na sehemu ya faida. Utambuzi wenyewe ni wa dalili, kipimo cha jeni huja kuthibitisha. Daktari wa wilaya mwenye kujua vigezo vinne nilivyovitaja anaweza kushuku Rett bila mashine yoyote, badala ya kuandika mtindio wa ubongo au usonji na kufunga faili.

Jaribio hilohilo la panya lina somo jingine, ambalo linafungua pingamizi la tatu. Panya waliofunzwa mwili walipata nafuu ya mwili, waliofunzwa kumbukumbu walipata nafuu ya kumbukumbu, na nafuu ya upande mmoja haikuvuka kwenda wa pili. Basi je, msichana anayefunzwa kurusha samaki kwenye skrini atakuwa hodari wa kurusha samaki tu? Hili ndilo pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote, na nafikiri wapenzi wa teknolojia hawajalijibu vya kutosha. Ndiyo, hatari ipo, tena kubwa. Mchezo unaomtaka apeperushe mkono hewani utamfunza kupeperusha mkono hewani. Kijiko kina uzito, kina baridi, kiko mahali maalumu, na kinahitaji vidole vifunge. Kwa hiyo mchezo ujengwe kwa kuanzia mezani, yaani mtaalamu na mama waamue kwanza ni tendo gani la nyumbani linalotafutwa, kwa mfano kupeleka mkono wa kulia mbele hadi kwenye sahani, kisha mchezo uombe mjongeo huohuo, kwa kimo hichohicho, mtoto akiwa kwenye kiti hichohicho. Ikiwezekana sahani yenyewe iwe ndiyo swichi. Na matokeo yasipimwe kwa alama za mchezo. Alama hupanda hata mtoto asipoendelea, kwa sababu kizingiti kimeshushwa au kwa sababu kamera imezoeshwa. Kipimo kiwe mezani, skrini ikiwa imezimwa, na mpimaji asiwe yule aliyefundisha.

Kuhusu hofu ya skrini kwa watoto sitakaa sana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unaotaka watoto chini ya miaka miwili wasiwekwe mbele ya skrini, na wenye miaka miwili hadi minne wasizidishe saa moja kwa siku, unazungumzia muda wa kukaa bila kujongea. Mchezo usiosonga hadi mwili usonge ni jambo jingine, ingawa saa moja ingekuwa nyingi mno kwa watoto hawa wanaochoka upesi. Hofu ya kifafa ina msingi zaidi. Zaidi ya nusu ya wenye Rett hupata kifafa, na dunia ilishaona mwaka 1997, wakati kipindi kimoja cha katuni ya Pokémon chenye taa za kumetameta kilipowafikisha mamia ya watoto wa Japani hospitalini. Mchezo wa tiba usimulike zaidi ya mara tatu kwa sekunde, uchezwe chumbani penye mwanga, na mtu anayejua degedege za mtoto huyo akae karibu. Wapo pia wanaosema kwamba mashine itachukua nafasi ya mapenzi ya nyumbani. Nadhani wanakosea mwelekeo. Mama aliyeachiwa na mashine kazi ya kusubiri kwa dakika 15 anaweza kukaa ubavuni mwa mwanawe na kushangilia pamoja naye, badala ya kuwa yeye ndiye anayedai.

Gharama ni pingamizi la kweli, na kwetu lina uso wake. Microsoft iliacha kutengeneza Kinect mwaka 2017, miaka saba tu baada ya kuitoa, na vituo vilivyojenga kazi yao yote juu ya kamera hiyo vilibaki vikitafuta mitumba. Kituo cha utengamao cha Dar es Salaam au Mombasa kikijenga huduma juu ya kifaa cha kampuni moja ya mbali, kinajiwekea tarehe ya kufungwa. Lakini kutoka hapo simfuati anayesema kwamba haya si mambo yetu. Kompyuta ndogo yenye kamera, hata simu janja yenye uwezo wa wastani, siku hizi inaweza kufuata mkono wa mtu bila miale maalumu na bila intaneti baada ya programu kupakiwa. Swichi ya mguso inaweza kutengenezwa na fundi wa redio kwa waya, sifongo na karatasi ya bati, na mtoto hatajua tofauti. Kilicho adimu kwetu ni saa za mtaalamu anayejua kuweka kizingiti, kumfundisha mama, na kurudi baada ya wiki mbili kukirekebisha. Fedha zikipatikana, ziende huko kwanza. Kituo chenye kamera tano na mtaalamu mmoja aliyezidiwa kitatoa picha nzuri za ripoti, na kamera zitafunikwa vumbi.

Limebaki swali la dawa. Machi 2023 Marekani iliidhinisha trofinetide, dawa ya kwanza mahsusi kwa Rett, kwa wenye umri wa miaka miwili na zaidi, baada ya jaribio la wiki 12 lililowahusisha wasichana na wanawake 187. Nafuu ilipatikana, ya kiasi, na wengi waliotumia dawa waliharisha. Majaribio ya tiba ya jeni nayo yameanza. Mtu anaweza kusema tungoje hayo, tuache kuhangaika na samaki wa kwenye skrini. Mimi naona kinyume. Tuchukulie kwamba kesho jeni imerekebishwa katika ubongo wa binti wa miaka 15. Seli zitaanza kuzungumza vizuri zaidi, lakini mkono wake utakuwa haujawahi kushika kikombe kwa miaka 13, kiwiko kimekakamaa, bega limesinyaa, na njia za kutoka kwenye nia hadi kwenye vidole hazijapitwa tangu utotoni. Dawa haitamfundisha kunywa chai. Atakayekuwa amefanyishwa mazoezi miaka yote hiyo, viungo vikiwa laini na mkono ukiwa na kumbukumbu ya kwamba ukinyooshwa jambo linatokea, ataanzia mahali pengine. Ndiyo maana ningependa kila jaribio la dawa ya Rett liwe na kundi linalopata dawa pamoja na mafunzo ya viungo yaliyohesabiwa, kwa kompyuta au bila kompyuta, na kundi linalopata dawa peke yake, na wote wapimwe mezani: mkono umefika kwenye kikombe mara ngapi, umechukua sekunde ngapi, na bila kushikwa na mtu.